Gari linachoka mlimani saa nane mchana: hewa ya moto inavyoinyima injini nguvu

Ukiondoka Ruaha Mbuyuni alfajiri na gari lililojaa vitunguu, mlima Kitonga unaupanda bila ugomvi mkubwa. Rudia safari hiyohiyo saa nane mchana, gari lilelile na mzigo uleule, utajikuta unashusha gia mapema, kanyagio la mafuta limefika chini, na lori lililo mbele yako halipitiki. Madereva husema gari limechoka, au limeshika joto. Lakini wakitazama mshale wa joto kwenye dashibodi, uko palepale katikati. Maji hayajachemka, feni inafanya kazi. Basi joto gani hilo?

Mara nyingi ni joto la hewa inayoingia kwenye injini. Mshale wa dashibodi unapima maji ya rejeta, haupimi hewa hiyo. Gari linaweza kuwa na maji yenye joto la kawaida kabisa huku injini ikivuta hewa ya nyuzi 60 au 70, kama ya mdomo wa tanuri.

Tatizo hili lina dawa, na sehemu kubwa ya dawa yake ni bei rahisi au ni bure kabisa. Lakini pia lina dawa za uongo zinazouzwa gereji na zinazoua injini, hasa kwa sisi tunaoendesha kwenye vumbi. Kwa hiyo tulitazame kwa utaratibu.

Injini inakula hewa kuliko mafuta

Chukua gari dogo la petroli lenye injini ya cc 1800. Injini hiyo ikizunguka mara 3000 kwa dakika na kanyagio likiwa chini, inavuta karibu lita 40 za hewa kila sekunde. Hizo ni ndoo mbili za lita 20, kila sekunde moja. Petroli inayoingia pamoja na hewa hiyo ni kama kijiko cha chai hivi. Mafuta hayawezi kuungua bila hewa ya kutosha, kwa hiyo ukitaka kujua injini itatoa nguvu kiasi gani, angalia kwanza imepata hewa kiasi gani.

Hapo neno la kuzingatia ni uzito. Gunia la mahindi na gunia la pumba vinaweza kuwa na ukubwa mmoja, lakini hakuna mtu atakayekulipa bei moja. Hewa nayo iko hivyo. Ikipata joto hutanuka, na ndoo ileile inabeba hewa nyepesi zaidi. Kwenye usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 za Selsiasi ina uzito wa karibu kilo 1.18. Ipashe mpaka nyuzi 60, mita hiyohiyo inabaki na kilo 1.06 hivi. Umepoteza asilimia 10 ya hewa na injini haijui, yenyewe inaendelea kuhesabu ndoo. Kwa kukadiria, kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinaondoa asilimia 3 ya uzito wa hewa.

Nguvu haipungui kwa kiwango hichohicho. Hewa inayoingia ikiwa baridi nayo hupashwa na kuta za injini ikiwa njiani, kwa hiyo tofauti inapungua kabla hewa haijafika kwenye silinda. Kwa injini ya petroli isiyo na turbo, ule upungufu wa asilimia 10 wa hewa unaweza kuonekana kama upungufu wa asilimia 5 hivi wa nguvu. Mtu anaweza kusema asilimia 5 ni nini? Kwenye barabara ya tambarare si kitu. Lakini gari lililojaza mzigo mlimani halina akiba, na upungufu haubaki huo peke yake.

Hewa ya moto inaleta pia kugonga. Petroli iliyochanganyika na hewa yenye joto kali huwaka yenyewe sehemu isiyotakiwa na wakati usiotakiwa, na unasikia mlio kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Magari yenye kompyuta yana sensa inayosikia mlio huo. Kompyuta ikiusikia, inachelewesha moto wa plagi ili kuiokoa injini, na kuchelewesha huko kunakata nguvu zaidi. Kwa hiyo wewe husikii misumari, unasikia tu gari limekuwa zito. Injini ya zamani isiyo na sensa hiyo itagonga mpaka siku itakapotoboa pistoni.

Ongeza na mwinuko. Kila mita 1000 unazopanda juu ya usawa wa bahari, hewa inapungua uzito kwa asilimia 10 hivi, na hilo huna la kulifanya. Anayefanya kazi zake Njombe au Mbeya, palipo juu ya mita 1500, ameshalipa kodi hiyo kabla hajawasha gari. Ya mwinuko hairudi. Ya joto la chini ya boneti inarudi, na ndiyo ya kuhangaikia.

Niseme jambo moja kabla ya kuendelea, kwa sababu kuna watu wanaouziwa vifaa kwa ahadi hii. Kupoza hewa inayoingia hakukuhakikishii kuokoa petroli kwenye safari ya kawaida. Ukiendesha polepole, kanyagio likiwa limebonyezwa kidogo, injini yenyewe imeshabanwa isivute hewa yote. Hewa ikiwa nyepesi kidogo, unakanyaga kidogo zaidi, biashara imekwisha. Faida ya hewa baridi inaonekana pale unapodai nguvu yote: mlimani, kwenye mchanga, na unapolipita lori.

Joto linaingiaje

Chini ya boneti kuna majiko matatu. La kwanza ni ekzosi, hasa ile manifodi iliyofungwa kwenye kichwa cha injini. Gari likivuta mzigo, chuma hicho kinafika nyuzi mia kadhaa, na usiku wakati mwingine unaweza kukiona kinawaka wekundu. La pili ni rejeta, ambayo kazi yake ni kumwaga joto la maji ya nyuzi 80 hadi 95, na feni inalisukuma joto hilo kuelekea nyuma, yaani kwenye injini. La tatu ni bloku lenyewe la injini.

Joto kutoka kwenye majiko hayo linafika kwenye hewa yako kwa njia tatu, na zote unazijua kutoka jikoni. Ukishika mpini wa chuma wa sufuria unaungua, kwa kuwa joto limetembea ndani ya chuma. Ukiinama juu ya sufuria inayochemka, mvuke unakupiga usoni, maana joto limebebwa na hewa. Ukikaa pembeni ya jiko la mkaa lililokolea, shavu la upande ule linapata moto hata kama upepo unavuma kwenda upande mwingine, kwa sababu joto linatoka kwenye makaa kama mwanga unavyotoka kwenye taa. Mtu akipitisha sinia kati yako na jiko, shavu linapoa papo hapo. Likumbuke sinia hilo, tutalirudia.

Sasa, ipi kati ya hizo ndiyo mbaya zaidi kwa injini? Watu wengi hudhani ni bomba la hewa kupata moto, na kweli ukiligusa baada ya safari linaunguza. Lakini piga hesabu. Lita 40 kwa sekunde zikipita kwenye bomba la kipenyo cha sentimita 6 au 7, hewa inakwenda mbio za zaidi ya mita 10 kwa sekunde. Kwenye bomba la urefu wa mita moja inakaa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Pitisha kidole haraka kwenye mwali wa mshumaa uone, huungui. Injini ikifanya kazi kwa nguvu, hewa inapita haraka mno kuweza kupata joto kubwa kutoka kwenye kuta za bomba.

Mambo yanabadilika gari likisimama na injini ikiunguruma tu. Hapo hewa inatambaa, haifiki hata mita moja kwa sekunde, na bomba lina muda wa kuipasha.

Kwa hiyo swali la kwanza si bomba lina joto kiasi gani. Swali la kwanza ni hili: hewa inavutwa kutoka wapi? Kama mdomo wa kuvutia uko ndani ya chumba cha injini, nyuma ya rejeta, hata ulifunge bomba lote kwa karatasi za kung'aa hujafanya kitu. Umelifunika vizuri bomba linaloleta moto.

Mdomo uliopotea

Fungua boneti, tafuta boksi la filta ya hewa. Kutoka kwenye boksi kuna mabomba mawili. Moja linakwenda kwenye injini. Jingine, ambalo ndilo tunalolitaka, linakwenda mbele au pembeni. Kwenye magari mengi madogo kutoka Japani ni bomba jepesi la plastiki linaloishia juu ya rejeta, nyuma ya shoo ya mbele, au linaloingia ndani ya fenda nyuma ya taa. Kazi yake ni kuvuta hewa ya nje, ile ambayo haijapita kwenye rejeta.

Bomba hilo halina thamani machoni pa watu. Gari likigongwa mbele likanyooshwa, bampa linarudi, taa zinarudi, bomba hilo halirudi. Fundi akitaka kufikia betri au taa, analing'oa na kuliweka pembeni, kisha gari linaondoka bila lenyewe na linawaka vizuri tu. Mimi mwenyewe niliendesha gari la mtumba kwa zaidi ya mwaka nikijua lina injini dhaifu. Siku moja niliegesha karibu na gari la aina ileile, boneti zote mbili ziko wazi, nikaona mwenzangu ana kitu cheusi juu ya rejeta ambacho mimi sina. Boksi langu la filta lilikuwa linavuta hewa sentimita chache tu kutoka kwenye feni. Bomba lenyewe nililipata kwenye maduka ya vipuri chakavu, kwa bei iliyonifanya nijionee aibu kwa mwaka mzima niliopoteza.

Kwa hiyo fuata bomba lako kwa mkono mpaka mwisho. Angalia kama lipo, kama limekaa mahali pake, kama limepasuka, kama klipu zinabana. Kama hujui linatakiwa lifike wapi, tafuta kwenye simu picha ya injini ya gari kama lako, au simama karibu na gari la jirani kama nilivyofanya mimi.

Ukimaliza hapo, tazama mipira ya kuziba. Magari mengi yana mpira mrefu unaopita mbele chini ya boneti, na vipande vya plastiki au sponji kati ya rejeta na bodi. Vinaonekana kama mapambo. Kazi yake ni kuzuia hewa iliyopita kwenye rejeta isizunguke ikarudi mbele, hasa unapokwenda polepole nyuma ya malori. Vikikosekana, rejeta inavuta joto lake yenyewe na mdomo wa hewa unavuta joto hilohilo. Ukanda wa mpira au sponji ngumu unatosha kuziba. Kava la feni, na ile sahani ya plastiki chini ya injini ambayo kila fundi anaiona kero, navyo vina kazi ya namna hiyo ya kuongoza upepo. Virudishe.

Ushauri wa "lifungue lipumue"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ushauri huu umeua injini nyingi vijijini. Gari halivuti, fundi anafungua kifuniko cha boksi la filta, anakanyaga, injini inanguruma kwa sauti nzito, anasema umeona, lilikuwa halipumui. Wengine wanatoboa boksi kwa drili. Wengine wanang'oa boksi lote na kufunga filta ya umbo la koni, imekaa wazi juu ya injini.

Sauti kweli inaongezeka, kwa kuwa boksi lilikuwa linaizima. Nguvu ni jambo jingine. Kuanzia dakika hiyo injini inavuta hewa ya chumba cha injini, ambayo mlimani kwa mwendo wa polepole inaweza kuizidi hewa ya nje kwa nyuzi 30 au zaidi. Ukitaka kufunga koni, sharti ijengewe boksi lake linaloitenga na injini na kuletewa hewa kutoka nje. Ukifika hapo utakuwa umetengeneza upya, kwa gharama, kile kiwanda kilichokupa.

Lakini joto ni hasara ndogo ukilinganisha na vumbi. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga, ngumu kama zile za msasa. Kifuniko kisipokaa vizuri, chembe zinaipita filta pembeni na kusaga ringi na silinda. Baada ya muda gari linaanza kula oili, linatoa moshi wa bluu, na nguvu uliyoitafuta imeondoka moja kwa moja mpaka ufungue injini. Kama gari halipumui, badilisha filta. Kama filta ni mpya na bado halivuti, tatizo liko kwingine.

Kuna na wale wanaoinua sehemu ya nyuma ya boneti kwa kuweka washa kwenye bawaba, ati joto litoke. Gari likiwa limesimama, linatoka. Likikimbia, upepo unaogonga kioo cha mbele unarundikana palepale chini ya kioo na kusukumwa kuingia ndani. Mvua nayo inaingia.

Sinia kati ya jiko na bomba

Kama mdomo wa hewa uko sawa, mipira ipo na filta ni safi, ndipo inafaa kuhangaika na joto linalotoka kwenye ekzosi.

Kwanza, angalia kama manifodi ya ekzosi ina bati lake la kukinga. Magari mengi hutoka kiwandani nalo. Linaota kutu, linaanza kulia kama kengele, fundi analing'oa kuondoa kelele. Kulifunga tena kwa bolti mpya na washa pana ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote za sehemu hii.

Kama halipo na halipatikani, mafundi bati wanaweza kutengeneza. Alumini inafaa kuliko bati la kuezekea, kwa sababu uso wake ukiwa safi na wa kung'aa unarudisha sehemu kubwa sana ya joto lililotoka kwenye ekzosi. Bati la kuezekea linafaa pia, ila likifubaa linapunguza kazi. Sinia kuukuu la alumini lililokatwa vizuri linatosha kwa gari dogo. Lisigusane na ekzosi wala na boksi la filta. Acha nafasi ya sentimita moja au mbili kila upande ili hewa ipite na kuondoka na joto. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, kwa hiyo bati la kukaa karibu kabisa na manifodi liwe la chuma, na alumini ikae upande wa boksi. Lifunge kwenye bodi au kwenye bolti zilizopo tayari, mahali pasipotikisika likakata waya au bomba la mafuta, na makali yake yavishwe mpira uliopasuliwa.

Usiweke sponji, kitambaa, kapeti wala plastiki karibu na ekzosi. Usitumie vitambaa vya zamani vya asbestosi hata kama vipo bure, nyuzi zake zinaharibu mapafu. Ule utepe wa kuzungushia ekzosi unaouzwa madukani unapunguza joto kweli, lakini ukilowa oili unaweza kushika moto, unatunza unyevu unaoozesha chuma, na manifodi ya chuma cha kusubu inaweza kupasuka kwa joto linalobaki ndani. Kwa gari la kazi, mimi nachagua bati.

Karatasi za kung'aa kwenye bomba la plastiki zinasaidia kidogo gari likiwa kwenye foleni. Si mahali pa kuanzia.

Ukiwa na turbo

Canter, Fuso na pikapu nyingi za dizeli zina turbo, na hapo hadithi inabadilika. Turbo inaishindilia hewa, na hewa ikishindiliwa inapata joto. Shika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi utaelewa. Turbo inayoongeza msukumo mara mbili inaweza kuichukua hewa ya nyuzi 30 na kuitoa ikiwa na nyuzi zaidi ya 120. Ndiyo sababu kunakuwa na intakula, ile rejeta ndogo ya hewa, ya kuishusha kabla haijaingia kwenye injini.

Kwa hiyo kwa gari la turbo, usafi wa intakula unashinda karibu kila kitu kingine. Ile inayokaa mbele ya rejeta inajaa matope, wadudu na mbegu za majani. Ioshe kwa maji yenye nguvu ndogo, kwa kuwa mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu inalaza mapezi yake na kuziba njia. Ndani yake oili ya turbo hujikusanya, nayo inazuia joto kutoka. Kama ukiivua inamwaga oili nyingi, turbo yenyewe ichunguzwe.

Baadhi ya magari, kama Hilux za injini ya 1KD, yana intakula juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Kati ya tundu na intakula kuna mpira mzito wa kuziba. Mpira huo ukikosekana, upepo unaoingia unatawanyika pembeni na intakula inabaki imekaa juu ya injini kama sufuria juu ya jiko. Angalia pia mipira minene inayounganisha turbo, intakula na injini. Ufa mdogo unatoa mlio wa kupuliza na moshi mweusi mlimani, na watu wanakimbilia kufungua nozeli.

Maji, baridi na kabureta

Unapohamisha mdomo wa hewa ili uvute hewa baridi, usiushushe chini nyuma ya bampa. Masika yakifika, dimbwi moja linatosha. Maji hayashindiliki kama hewa, pistoni ikikutana nayo fimbo yake inapinda na injini imekwisha hapohapo. Wenye Land Cruiser mkonga wamelimaliza suala hili kwa kuvuta hewa kwenye usawa wa paa, palipo na ubaridi, vumbi pungufu na mbali na maji. Mkonga wenyewe uzibwe vizuri kwenye maungio, la sivyo unavuta hewa ya fenda na vumbi lake.

Magari ya zamani ya kabureta kutoka Ulaya yana kitu cha kushangaza: bomba linaloleta hewa ya moto kwa makusudi kutoka kwenye ekzosi, kwa ajili ya majira ya baridi, ili kabureta isigande barafu. Lina kipande cha kugeuza baridi au joto. Kama lako limekwama upande wa joto, ligeuze.

Magari mengi ya Toyota hupitisha maji ya moto kwenye throtoli, ule mlango unaofunguka ukikanyaga mafuta, kwa sababu kama hiyo. Kuna mafundi wanaokata mipira hiyo. Faida yake ni ndogo mno, na kwenye baadhi ya injini za zamani maji hayo ndiyo yanayoshusha mzunguko injini ikipata moto, hivyo ukiyakata gari linabaki linanguruma juu muda wote. Yaache.

Kupima kwa simu

Magari mengi ya miaka ya karibuni yana tundu chini ya usukani ambalo mafundi hulitumia kusomea kompyuta. Kuna kifaa kidogo cha kuchomeka hapo kinachopeleka taarifa kwenye simu kwa bluetooth. Mtu mmoja kijijini akiwa nacho kinatosha watu wengi. Katika programu yake tafuta joto la hewa inayoingia, na abiria ndiye asome, si dereva.

Pima kwanza joto la nje kivulini. Kisha endesha kwa kilomita 60 kwa saa kwa dakika kumi. Hewa inayoingia ikizidi ya nje kwa nyuzi 5 hadi 10, mdomo wako uko salama. Ikizidi kwa 20 au zaidi ukiwa kwenye mwendo huo, injini inavuta hewa ya chumba chake, rudi ukatafute bomba. Kwenye foleni au ukiwa umesimama tofauti itapanda sana, na hilo ni la kawaida. Ujue pia kwamba kwenye magari mengi sensa hiyo iko karibu na boksi la filta, kwa hiyo haioni joto linaloongezeka baada ya hapo, na kwenye gari la turbo huenda haioni kazi ya intakula.

Joto la juu kabisa linakuja baada ya kuzima. Maji yamesimama, feni imesimama, na chuma kinaendelea kutoa joto kwa zaidi ya robo saa. Ndiyo maana gari lililofika mnadani, likazimwa dakika kumi na kuwashwa tena na mzigo, linakuwa zito mwanzoni. Ukimaliza mlima, liache liungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, na kwa turbo hilo ni lazima. Ukiegesha, fungua boneti kama mahali ni salama. Ukiondoka tena, nenda kilomita moja kwa mguu mwepesi ili upepo uingie kabla hujaudai mlima.

Na siku ukiukuta Kitonga saa nane, usimfuate mwenye lori kwa karibu. Ekzosi yake ni jiko la nne, na limeelekezwa kwenye shoo yako.